Kuomba vyuo vigumu vya Marekani bila kuvaa sura ya mtu mwingine

Kila Agosti 1 mfumo wa Common App, ambao vyuo vingi vya Marekani huutumia kupokea maombi, hufungua msimu mpya. Barua zenu safari hii zinauliza jambo lile lile kwa njia tofauti: kwenye chuo kinachochukua watu wasiofika 10, pengine wasiofika 5, katika kila 100 wanaoomba, mtoto wa Rungwe au wa Homa Bay ataonekanaje? Tumekaa zaidi pale ambapo maombi huharibika mara nyingi.

Shikamooni. Nimemaliza kidato cha sita, PCM (fizikia, kemia na hisabati), daraja la kwanza pointi 4. Nimeangalia video nyingi, wote wanasema bila kuanzisha taasisi yako huchukuliwi. Nyumbani tunafuga ng'ombe na kila nikiwa likizo mimi ndiye nakamua na kuuza maziwa. Nianzishe NGO ya mazingira kijijini kabla ya Novemba?
*Msomaji, Rungwe*

Marahaba. Usianzishe. Maofisa udahili wanazijua taasisi zinazozaliwa miezi mitatu kabla ya tarehe ya mwisho. Zina nembo, zina ukurasa mtandaoni, zina "mwanzilishi na rais", ila kazi yenyewe haionekani. Fomu inakudai useme ulifanya shughuli hiyo ukiwa kidato gani, saa ngapi kwa wiki na wiki ngapi kwa mwaka. Hapo taasisi ya miezi mitatu inajianika yenyewe.

Wewe una kazi ya miaka, na fomu ina mahali pake. Sehemu ya shughuli ina nafasi 10. Kila nafasi inakupa herufi 50 za cheo chako, 100 za jina la kikundi au mahali, na 150 za maelezo, nafasi tupu zikihesabiwa. Miongoni mwa aina za shughuli utakazochagua, majukumu ya familia yamo, na kazi ya kulipwa imo. Wengi wetu huziacha kwa sababu tumelelewa kuona kukamua, kuuza dukani, kulea wadogo au kufundisha watoto madrasa ni mambo ya kawaida tu. Msomaji wa faili lako hajui kwamba unayafanya mpaka umwambie.

Tazama tofauti. Mtu ameandika hivi: "Nasaidia kazi za nyumbani na kutunza mifugo ya familia kwa bidii na nidhamu." Hapo hakuna mtu, kuna sifa tu. Sasa hii: "Nakamua ng'ombe 3 alfajiri, nauza lita 14 kwa siku, naandika daftari la mauzo na madeni, faida hulipa ada ya mdogo wangu kidato cha 2." Ni herufi 134. Utaiandika kwa Kiingereza, lakini mifupa ni ile ile: kitenzi, namba, na kitu kilichobadilika kwa sababu yako. Hilo daftari la madeni ndilo litakalomfanya msomaji asimame, maana linaonyesha kichwa kinavyofanya kazi. Kama una namna yako ya kuwadai watu wa kijijini bila kugombana nao, hapo kuna insha.

Angalia hesabu zako. Umesoma bweni, kwa hiyo usiandike wiki 52. Saa mbili kwa siku ni saa 14 kwa wiki, na wiki ni zile za likizo tu, tuseme 12. Anayesoma faili anaona kwenye taarifa ya shule kwamba ulikuwa bweni. Akikuta wiki 52 atatilia shaka na yale mengine uliyosema kweli. Kosa jingine la aina hiyo ni kujumlisha shughuli zote ukapata saa 70 kwa wiki huku ukiwa na vipindi vya darasani na prepu.

Panga shughuli kwa uzito zilizokuwa nao kwako, si kwa ukubwa wa cheo. Vyeo vyetu vyenyewe vinahitaji kufafanuliwa: "kaka mkuu" hakumwambii Mmarekani kitu, ila "nilipanga zamu za maji kwa wanafunzi 600 wa bweni wakati wa kiangazi" kinamwambia. UMISSETA eleza kuwa ni michezo ya taifa ya sekondari, na JKT, yaani Jeshi la Kujenga Taifa, eleza ni nini na ulikaa muda gani. Usijaze nafasi zote 10 kwa nguvu. Sita za kweli zinatosha. Ukiomba MIT, yenyewe ina fomu yake nje ya Common App, na nafasi za shughuli humo ni 4 tu. Kwa hiyo anza kujiuliza mapema zipi ni nne zako.

Ratiba inakukalia vizuri, kwani matokeo ya NECTA ya kidato cha sita hutoka Julai. Lililobaki ni SAT, mtihani wa Kiingereza na hesabu ambao vyuo vya Marekani huutumia kupima waombaji. MIT, Harvard, Dartmouth na Brown wameurudisha kuwa sharti au wanakubali mbadala kwa masharti yao. Yale inakubali pia mitihani mingine michache. Vituo kwetu ni vichache na nafasi hujaa, hivyo jisajili kwa Agosti au Oktoba mara tu usajili unapofunguliwa. Maombi ya mapema kwa vyuo vingi hufungwa Novemba 1, na ya kawaida karibu na Januari 1.

Baba alifariki nikiwa darasa la sita. Mama anauza omena sokoni, nami humsaidia Jumamosi. Nilipata A- kwenye KCSE. Mwalimu anasema insha yangu iwe juu ya kifo cha baba na umaskini kwa sababu Wazungu huguswa. Sijisikii vizuri kuandika hayo. Kitu pekee kisicho cha kawaida nilichowahi kufanya ni kupima kwa maji gorogoro 7 (mikebe ya kupimia bidhaa) za pale sokoni, nikakuta hazilingani. Lakini hiyo si hadithi ya insha, ama?
*Msomaji, Homa Bay*

Dada, hiyo ndiyo insha.

Tuanze na baba yako, pole sana. Huzuni yako ni yako, na hakuna fomu iliyo na haki ya kukulazimisha uiuze. Lakini msomaji anahitaji kujua mazingira uliyosomea, na kuna mahali pake: swali la changamoto na hali za maisha, lenye kikomo cha maneno 250. Andika humo kwa ukavu, kama unayemweleza daktari: mwaka gani, nini kilitokea, nani alianza kulipa ada, ulirudishwa nyumbani mara ngapi kwa ajili ya ada, alama zilishuka wapi na zikapanda lini. Sentensi sita au saba zinatosha. Mwalimu anayekujua anaweza pia kuyataja kwenye barua yake ukimruhusu, na yakitoka kwake wewe hulazimiki kuyarudia. Hivyo insha kuu, ile ya maneno 250 hadi 650, inabaki huru.

Shida ya insha za umaskini si kwamba ni za uongo. Nyingi ni za kweli kabisa, lakini zinasimulia hali, na hali hiyo wanayo waombaji wengi. Ukifuta jina la mwandishi, huwezi kujua ni ya nani. Gorogoro 7 zilizopimwa kwa maji na msichana mmoja hazina mwenyewe mwingine.

Anzia sokoni. Usianze na methali, wala nukuu ya mtu mashuhuri, wala "tangu utotoni nimekuwa na ndoto". Sema ni kwa nini ulishuku: ni mteja aliyelalamika, au uliona kitako cha mkebe kimegongwa kikaingia ndani? Eleza ulivyopima: ulitumia chupa gani, ulijuaje chupa yenyewe ni sahihi, uliandika wapi. Weka namba zako halisi, mkebe uliozidi wote na uliopungukiwa kuliko wote, kwa mililita. Kisha uje kwenye sehemu ngumu, ambayo ndiyo moyo wa insha: gorogoro ya mama ilikuwa ipi? Ulimwambia? Alisema nini? Ikiwa mkebe wake nao ulikuwa mdogo, usimfiche na usimhukumu. Andika ulivyoketi na jambo hilo. Kama wachuuzi hupandisha bei kwa kupunguza kipimo kwa kuwa mteja huona bei lakini haoni ujazo, basi umegusa uchumi, fizikia na maadili kwa mkebe mmoja wa kilo mbili. Huna haja ya kuyataja kwa majina hayo.

Kwa kipimo cha jumla, maneno kama 150 yawe ya soko, 300 ya ulichofanya na ulichofikiri, yanayobaki yawe ya swali ambalo bado linakusumbua. Aya ya mwisho inayoahidi kwamba utarudi kuikomboa Afrika ikate. Karibu kila rasimu ya kwanza huwa nayo, na hapo ndipo sauti ya mwandishi hupotea.

Onyo moja kuhusu shule zetu. Mtihani wa insha wa KCSE umekuzoesha mapambo: jua linachomoza kwa misamiati mitatu, moyo unadunda kama ngoma, methali mwanzo na methali mwisho. Hayo huleta alama kwa mtahini. Afisa udahili hakupimi lugha kwa namna hiyo, anataka kukusikia. Isome rasimu kwa sauti, na neno ambalo huwezi kulitamka ukizungumza na shangazi yako anayejua Kiingereza, litoe. Jipe wiki tatu na rasimu nne au tano. Wasomaji wawe wawili tu. Anayekujua muulize, "Huyu ni mimi?" Asiyekujua mpe asome, saa moja baadaye muulize anakumbuka nini. Akisema "zile gorogoro", umefika. Insha iliyopitia mikono ya watu wanane hulainika kama jiwe la mtoni na haina tena kona ya kushika.

Mwanafunzi wangu ameniomba barua ya mapendekezo ya vyuo vya Marekani. Nimeandika kuwa ni mtiifu, mwenye bidii, nidhamu na ushirikiano. Shule yetu haijawahi kupeleka mtu huko. Inatosha?
*Mwalimu wa Fizikia, Morogoro*

Mwalimu, haitoshi, na asante kwa kuuliza kabla ya kutuma. Maneno hayo ni ya cheti cha tabia. Huko "mtiifu" hata si sifa wanayoitafuta; wanataka kujua kijana hufanyaje asipojua jibu.

Ukurasa mmoja unatosha. Sema umemfundisha muda gani, darasa la watu wangapi, kisha simulia tukio moja au mawili uliyoyaona kwa macho yako: swali alilouliza likakurudisha kitabuni, jaribio la pendulamu lililomkataa akarudi jioni kulirudia, mwenzake aliyemwelekeza mpaka akaelewa. Kosa alilofanya na alivyolirekebisha lina thamani kuliko sifa kumi. Weka na mlinganisho, mradi uwe wa kweli: ni mmoja kati ya wangapi uliowafundisha katika miaka mingapi? Mwombe mwanafunzi akupe ukurasa mmoja wa kumbukumbu za darasani, lakini barua usimwachie aandike yeye. Tunajua hilo hufanyika kwa sababu ya kazi nyingi. Barua na insha zikifanana Kiingereza, msomaji huona, na anayeumia ni mtoto.

La pili ni kubwa zaidi. Mbali na barua yako, mkuu wa shule au mwalimu wa taaluma anapaswa kutuma taarifa ya shule, na humo ndimo shule isiyojulikana inapojieleza. Andikeni ngazi za alama za NECTA bila kukosa: kidato cha nne A huanzia 75, kidato cha sita huanzia 80. Katika shule nyingi za Marekani 75 ni C, hivyo kijana wenu mwenye A nzuri anaweza kuonekana wa wastani mbele ya mtu asiyejua mfumo wetu. Ongezeni idadi ya wanafunzi wa mwaka wake, tahasusi mlizo nazo, wangapi walipata daraja la kwanza, na kama maabara au umeme ni wa shida semeni wazi. Wao humpima mtu kwa kile alichokuwa nacho mkononi, ila lazima waambiwe alikuwa na nini.

Mwaliko wa kupakia barua utakujia kwa baruapepe. Tafuta hata kwenye kisanduku cha barua taka, maana huko ndiko nyingi hulala mpaka tarehe inapita. Na mwanafunzi akisaini kuachia haki ya kuiona barua, kama inavyoshauriwa, usimpe nakala.

Wakala mmoja hapa mjini anataka shilingi 200,000. Anasema ataandika insha ya mwanangu na kwamba ana mtu wake ndani ya chuo kimoja kikubwa. Sisi hatuna uwezo wa ada. Nilipe?
*Mama, Mombasa*

Usilipe, mama. Mwanao atasaini kwamba kazi yote ni yake, na chuo kina haki ya kufuta nafasi yake hata akiwa ameshapanda ndege. Na anayedai "kuwa na mtu" anauza kitu asichokuwa nacho.

Kuhusu ada, pengo ni kubwa kati ya chuo na chuo, na hapa ndipo familia nyingi hukosea kuchagua. Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth na Bowdoin huamua kumchukua mwanafunzi wa kigeni bila kutazama kama anaweza kulipa, kisha hugharamia upungufu wote wanaoukokotoa. Vingine vingi, vikiwemo vyenye jina kubwa kama Stanford, hutoa msaada mkubwa lakini hutazama haja yako wakati wa kuamua. Usimshauri afiche haja ili apenye; vyuo vingi havimruhusu mgeni kuja kuomba msaada baadaye kama hakuomba mwanzoni. Changanyeni aina zote mbili. Common App inaruhusu vyuo hadi 20, ingawa zaidi ya 10 au 12 insha huanza kuchakaa.

Fomu ya fedha kwa vyuo vingi ni CSS Profile. Msiwe na hofu kama hakuna hati ya mshahara. Andikeni mauzo ya mwezi, gharama, watu mnaowalisha, ada mnazolipia wengine, na barua ya chifu au ya mwajiri ikihitajika. Kosa la kila mwaka ni kuchanganya shilingi na dola kwenye mistari ya fomu moja. Ada ya kuomba, ambayo mara nyingi ni dola 75 hadi 90 kwa chuo, inaweza kusamehewa. Ombi la msamaha lipo ndani ya fomu yenyewe.

Tahadhari na ombi la mapema lenye kufunga: akichukuliwa, amejifunga na chuo hicho kimoja na hatalinganisha misaada. Na msaada wa bure upo. EducationUSA ina washauri Nairobi, na KenSAP imekuwa ikiwaandaa vijana wa Kenya kwa vyuo hivi tangu 2004.

Chuo kinauliza "kwa nini hapa?" Nimeandika kuwa ni maarufu duniani na kina walimu bora. Mama analima mwani, nami nataka kusomea bahari.
*Msomaji, Paje*

Futa jina la chuo, weka la kingine. Sentensi ikibaki sawa, haifai. Fungua orodha ya kozi za chuo chenyewe, tafuta mbili zinazogusa joto la maji na mimea ya bahari, kisha unganisha na ulichokiona: mwani wa mama huoza miezi gani, wakulima wamehamia maji ya kina kiasi gani. Soma pia muundo wa chuo. Brown na Amherst hukuachia ujichagulie masomo kwa uhuru mkubwa, ilhali Columbia ina masomo ya msingi ambayo kila mwanafunzi huyapitia. Sema kwa nini muundo huo unakufaa wewe. Maneno 150 ya namna hii yanahitaji jioni mbili za kusoma kabla hujaandika hata sentensi.

Nimesoma kwa Kifaransa, Kiingereza changu ni cha kati. Naweza kumpa akili bandia aandike, mimi nirekebishe?
*Msomaji, Goma*

Hapana. Common App huhesabu kuwa ni udanganyifu kuwasilisha maudhui yaliyotungwa na akili bandia kama yako. Na hata kama isingekuwa marufuku, maandishi hayo hutoka laini na hayana mtu ndani, yaani kinyume kabisa cha unachokitafuta. Andika rasimu kwa Kiswahili au Kifaransa upate unachotaka kusema, kisha iandike upya mwenyewe kwa Kiingereza, kwa sentensi fupi. Kiingereza chepesi kilicho sahihi hakimwangushi mtu. Uwezo wako wa lugha utapimwa kando kwa TOEFL, IELTS au Duolingo English Test. Angalia kila chuo kinakubali upi. Bulletini zako za shule (ripoti za alama) na diplôme d'État, yaani cheti cha kumaliza sekondari, zitahitaji tafsiri iliyothibitishwa, na asili na tafsiri vitumwe pamoja.

Tarehe za Common App hufungwa saa 5:59 usiku kwa saa za mahali ulipo. Pakua nakala ya PDF kabla ya kutuma, uone kama maelezo hayajakatwa katikati, na utume siku mbili kabla, mchana, umeme ukiwepo.